Bomba la Kumi

Gemu ya simu ya Flappy Bird haikuwa na hadithi, haikuwa na hatua za kupanda, wala haikuwa na mwisho. Ilikuwa na kindege chenye mdomo mnene, mabomba ya kijani yaliyochomoza juu na chini, na kidole chako. Ukigusa skrini kinapiga mbawa na kupanda kidogo, usipogusa kinaporomoka. Bomba moja, pointi moja. Ukifika pointi 10 unapewa medali ya shaba, na mtu mzima na akili zake anakesha akiitafuta hiyo shaba.

Aliyeitengeneza ni Dong Nguyen wa Hanoi, Vietnam, kwa siku chache tu. Iliingia App Store, duka la programu za iPhone, Mei 2013, ikakaa miezi haina wa kuitazama. Januari 2014 ikalipuka: ikapakuliwa zaidi ya mara milioni 50, na mwenyewe akaiambia tovuti ya The Verge kuwa matangazo yanamwingizia kama dola 50,000 kwa siku. Februari 8 akatangaza Twitter kuwa baada ya saa 22 anaiondoa. Akaiondoa kweli. Jarida la Forbes walipomuuliza sababu, alieleza kuwa aliitengeneza ichezwe dakika chache mtu akiwa ametulia, lakini imegeuka uraibu.

Wanaoilaumu gemu ile husema ilikuwa ya kikatili, imetengenezwa makusudi ili ushindwe. Hapo siko nao. Ugumu wake ulikuwa wa haki. Nafasi kati ya mabomba haikubana kadiri unavyosonga, mwendo haukuongezeka, na hakuna aliyeweza kununua njia ya mkato. Ukigonga, umegonga mwenyewe, na unajua ulipokosea: uligusa mapema, au ulichelewa kidogo tu. Utamu ulikuwa hapo. Anayeshindwa asijue kwa nini hukata tamaa. Anayeliona kosa lake anataka kulirekebisha sasa hivi. Linganisha na gemu nyingine ya simu, Candy Crush Saga: unapewa maisha 5, ukiyamaliza usubiri nusu saa ili upate moja, au utoe hela. Kule ugumu umegeuzwa bidhaa.

Lakini utetezi wangu unayumba nikikumbuka siku niliyopanda daladala Mwenge, Dar es Salaam, nashukia kituo cha Morocco, nikawa naicheza njiani, na nikashtuliwa na konda akiita Magomeni, kituo changu nimeshakipita. Sikuwa nimecheza gemu moja ndefu. Nilikuwa nimekufa labda mara hamsini, kila kifo hata sekunde kumi hazifiki, na kati ya kifo na kuanza upya palikuwa na mguso mmoja tu wa kidole. Hasira haikupata muda wa kupoa. (Kile kindege cha gemu ya kubeti ya Aviator wanachokirusha vijana kwenye simu siku hizi kina mwendo huohuo, ila chenyewe kinakula na hela, na hakina ustadi wowote wa kujifunza.)

Kwenye vibanda vya gemu vya mtaani mambo ni tofauti. Aliyefungwa anatoka. Anampa mwenzake pedi, anasimama nyuma ya benchi, anawatania waliokaa, na zamu inapomrudia ameshatulia, au ameshaitwa nyumbani. Gemu zenyewe huwa ngumu vilevile. Foleni ndiyo inayomwokoa.

Ndiyo maana nasema lawama imeangukia pasipo pake: kilichotunasa ni kitufe cha kuanza tena kuliko mabomba. Na hapa kuna kichekesho kidogo. Candy Crush, yenye tamaa ya hela, ndiyo inayomlazimisha asiye na hela aweke simu chini nusu saa. Flappy Bird, isiyokuuzia chochote, haikuwahi kumwambia mtu apumzike.

Uamuzi wa Nguyen niliwahi kuuona ni mbwembwe. Siku hizi namheshimu kwa kuziacha hela zile, ingawa dawa yake haikutibu. Waliokuwa nayo waliendelea kuicheza, simu zilizokuwa nayo zikawekwa kwenye soko la mtandaoni la eBay kwa maelfu ya dola, na gemu za kuiiga zikajaa madukani ndani ya siku chache. Angeweza kuibakiza, akaweka tu dakika moja ya kungoja baada ya kila vifo kumi. Nadhani ingepoteza nusu ya wachezaji, mimi nikiwa wa kwanza kuondoka.