Maambukizi Yasiyoonekana: Tukadirie Mapema au Tusubiri Vipimo?

Katikati ya Januari 2020, Wuhan ilikuwa imethibitisha wagonjwa 41 wa virusi vipya vya korona. Tarehe 17, watafiti wa Imperial College London walikadiria kuwa hadi Januari 12 wenye dalili walikuwa wamefikia 1,723. Walitegemea wasafiri watatu tu waliogunduliwa nje ya China: wawili Thailand, mmoja Japani.

Njia yenyewe ni nyepesi. Uwanja wa ndege wa Wuhan ulihudumia eneo la watu milioni 19, na abiria 3,301 walisafiri kwenda nje kila siku. Ilichukuliwa kwamba tangu mtu aambukizwe hadi agunduliwe hupita siku 10, na ndani ya siku hizo anaweza kupanda ndege. Zidisha 3,301 kwa 10, kisha gawa milioni 19 kwa jibu hilo: kila mgonjwa mmoja aliyeonekana ugenini anawakilisha takriban 575 waliobaki; kwa wasafiri watatu, ni karibu 1,723.

Wanaopinga wana hoja nzito. Ongeza au punguza msafiri mmoja, hesabu inasogea kwa mamia. Siku 10 zikiwa 8, jibu linapanda hadi karibu 2,160. Viwanja vya ugenini vikikosa kuitambua nusu ya walioambukizwa, linakuwa maradufu. Tena abiria wa kimataifa si sura ya wakazi wote.

Basi tusubiri vipimo vya kingamwili, yaani protini za kinga ambazo mwili hutengeneza ukiambukizwa? Kwanza, kingamwili huchukua wiki moja hadi tatu kuonekana. Pili, ugonjwa ukiwa bado haba, kosa dogo la kipimo humeza ukweli. Pima watu 1,000 ambao 10 kati yao ndio walioambukizwa. Kipimo kinachowakosea 2 kati ya kila 100 wasioambukizwa kitaleta majibu chanya ya uongo 20 hivi, mara mbili ya yale ya kweli. Unaweza kuyaondoa kwa hesabu, lakini tu ikiwa kiwango hicho cha kosa unakijua kwa uhakika. Na wakipimwa waliojitolea wenyewe, wengi huja kwa sababu waliugua.

Kukadiria maambukizi kwa kurudi nyuma kutoka kwenye vifo nako kuna mtego. Ikiwa 1 kati ya 100 hufa, kifo kimoja leo humaanisha maambukizi 100 wiki tatu zilizopita. Yakiongezeka maradufu kila wiki, sasa ni 800. Ila hiyo 1 kati ya 100 huwezi kuijua kabla ya kuwajua wasioonekana, yaani kitu kilekile unachokitafuta.

Kwangu, kukadiria mapema kunashinda, kwa sharti kwamba namba isitolewe bila mipaka yake. Ile 1,723 ilikuja na mipaka ya 427 hadi 4,471, na hicho ndicho nisingekubali kifichwe. Hata 427 ni mara kumi ya 41. Wagonjwa 41 wangeweza kuelezwa kwa soko moja la wanyama. Mamia ni vigumu bila virusi kupita kutoka mtu hadi mtu. Januari 20, Zhong Nanshan, daktari mashuhuri wa China wa magonjwa ya mfumo wa kupumua, alilithibitisha hilo hadharani.