Herufi za opsheni zisigawiwe ovyo

Watengenezaji wengi wa programu za terminali, zile zinazoendeshwa kwa kuandika amri, huziacha hadi mwisho opsheni, yaani vialama vyenye kistari ambavyo mtumiaji huongeza kwenye amri kuieleza programu ifanyeje kazi. Kazi yenyewe imekwisha, data inasomeka, majibu yanatoka sawasawa, ndipo mtu anakaa dakika chache kuamua: `-o` iwe ya faili la matokeo, `-f` iwe ya chochote kinachoanza na f. Mimi naona hapo kazi imepinduliwa kichwa chini miguu juu. Ndani ya programu unaweza kubadilisha karibu kila kitu bila mtumiaji kujua. Opsheni huwezi, maana kesho yake tu zimeshaingia kwenye skripti za watu (mafaili ya amri), kwenye cron ya seva fulani (ratiba ya kazi zinazojiendesha), kwenye maelekezo ambayo mtu amemtumia mwenzake kwa WhatsApp. Kugawa herufi ni kama kugawa viwanja: mtu akishakabidhiwa akajenga, kumhamisha ni kesi.

Na herufi zenyewe ni chache, 26 ndogo na 26 kubwa, na kila mtu anagombania zilezile.

Tazama `ssh`, ya kuingia kwenye mashine ya mbali, na `scp`, ya kunakili mafaili kwenda na kutoka huko, programu mbili za mradi mmoja, OpenSSH, ambazo msimamizi wa seva huzitumia kutwa. Kwenye `ssh`, namba ya poti, yaani mlango wa kuingilia kwenye seva, huandikwa `-p 2222`. Kwenye `scp` ni `-P 2222`, kwa herufi kubwa, kwa sababu `-p` ndogo ilikuwa na mwenyewe tangu enzi za `rcp`, mtangulizi wake: kazi yake ni kuhakikisha tarehe na ruhusa za faili zinabaki kama zilivyo. Mwongozo wa `scp` unaitaja sababu hiyo waziwazi. Sasa mtu aliyezoea `ssh` aandike `scp -p 2222 ripoti.csv seva:` uone. Programu haimwambii kwamba amekosea opsheni, kwa kuwa `-p` ni halali. Inaichukua 2222 kuwa jina la faili la kwanza, kisha inakwenda kubisha hodi kwenye poti 22, ile ya kawaida. Anachorudishiwa ni habari ya muunganisho uliokataliwa, au ya faili liitwalo 2222 ambalo halipo, naye anaanza kuhangaika na firewall, ukuta wa ulinzi wa mtandao. Simlaumu aliyeandika `scp`, kwani alirithi herufi iliyokwisha gawiwa. Ila huo ndio urithi ambao sisi tunawaachia watakaokuja kila tunapotoa herufi bila kufikiri.

Mifano ni mingi. `-h` kwenye `du` inataka ukubwa uandikwe kwa K, M na G. Kwenye programu nyingi nyingine inaomba msaada. Na `shutdown -h` inazima mashine. `-f` ni jina la faili kwa `tar`, ni kufuatilia faili linaloendelea kuandikwa kwa `tail`, na ni kulazimisha kwa `rm`, amri ya kufuta.

Ndiyo maana nawashukuru watu wa GNU, mradi wa programu huria, kwa majina marefu yenye vistari viwili, na kwa kanuni yao kwamba kila programu iwe na `--help` na `--version`. Ningependa tulifuate wazo hilo hadi mwisho: kila opsheni ianze na jina refu, na herufi moja itolewe baadaye, kwa ile tu ambayo watu wanaiandika kila siku na ambayo haiwezi kuharibu kitu. Atakayesema majina marefu yanachosha vidole, kitufe cha Tab kipo, kitakumalizia jina. Na skripti huandikwa mara moja ikasomwa kwa miaka. Anayekutana na `sort --reverse --numeric-sort` saa nane za usiku, seva imegoma, anaelewa kinachofanyika bila kufungua mwongozo. Akikutana na `-rn`, ambayo ni hayohayo kwa ufupi, lazima akumbuke.

Hilo la kuharibu ndilo linalonigusa zaidi. Angalia `rsync`, programu ya kusawazisha mafaili ya sehemu mbili. Ina herufi tele, lakini `--delete`, ile inayofuta upande wa pili kila kisichokuwepo upande wa kwanza, haina herufi hata moja. Huwezi kuiingiza kwa kuteleza kidole katikati ya `-avz`. Sharti uiandike yote, herufi kwa herufi, ukijua unachoomba. Wakati huohuo jaribio lisilogusa kitu, `--dry-run`, limepewa `-n`, yaani kilicho salama kimerahisishwa na kilicho hatari kimewekewa kizingiti. `git clean`, amri ya kufagia mafaili ambayo Git haiyafuatilii, nayo inakataa kufuta chochote hadi uipe `-f`, isipokuwa kama umebadilisha mipangilio yake. Na `rm` ya GNU, tangu mwaka 2006, haikubali kufuta mzizi wote wa mfumo mpaka uandike `--no-preserve-root`. Haikubali hata ulifupishe jina hilo.

Kwa nini iwe na haja ya kukataa ufupisho? Kwa sababu kuna tabia ambayo waandishi wengi hawajui kwamba programu zao zinayo. `getopt_long` ya GNU, na `argparse` ya lugha ya Python pia, ambazo ni zana za kusomea opsheni, hukubali mwanzo wa jina kama jina lenyewe, mradi hakuna jina jingine linaloanza hivyo. Umetengeneza `--output`, mtumiaji mmoja anaandika `--out`, inafanya kazi, anaiweka kwenye skripti yake. Mwakani unaongeza `--outdir`. Hujaondoa kitu wala hujabadilisha kitu, lakini skripti yake inakufa na ujumbe `ambiguous option: --out could match --output, --outdir`. Kwenye Python dawa ipo tangu toleo la 3.5, nayo ni `allow_abbrev=False`. Naiweka kwenye kila programu ninayoandika, na naamini ingepaswa kuwa hivyo tangu mwanzo, anayetaka ufupisho ndiye auombe.

Nywila zisipewe opsheni kabisa. Kilichoandikwa kwenye mstari wa amri hubaki kwenye historia ya shell (programu inayopokea amri), na kwenye mashine nyingi mtumiaji mwingine akiandika `ps aux`, amri ya kuorodhesha programu zinazoendelea, anakiona wakati programu inaendelea. Soma nywila kutoka kwenye faili lenye ruhusa finyu, au muulize mtumiaji moja kwa moja.

Halafu kuna mtego wa `type=bool` (thamani iwe kweli au si kweli), ambao kwenye `argparse` bado unanasa watu wazima na akili zao. Chukua programu ya kutuma ujumbe wa SMS kwa wateja wanaodaiwa. Mwandishi anaweka `--tuma` na kuipa `type=bool`. Karani anataka kuangalia kwanza, anaandika `--tuma False`. Python inapokea neno `False` kama maandishi, na kwake maandishi yoyote yasiyo matupu ni kweli. Ujumbe unaondoka kwa wateja wote, na hakuna wa kuurudisha. Karani hakukosea hata kidogo, amesema hapana kwa lugha iliyo wazi kuliko zote. Tumia `action="store_true"`, `--tuma` isimame peke yake bila thamani nyuma yake. Kuanzia Python 3.9 ipo pia `BooleanOptionalAction`, inayokupa `--tuma` na `--no-tuma` kwa pamoja. Herufi `-t` usiipe. Na programu hiyo ikiendeshwa bila opsheni yoyote, iorodheshe namba za simu na maneno ya ujumbe, ionyeshe idadi ya watakaoupata, kisha ikome hapo.