Mwokoaji wa kwanza Dar es Salaam aanze na damu au na moyo?

Ajali inapotokea katika Barabara ya Morogoro, ya Nyerere au ya Kilwa, anayemfikia majeruhi kwanza kwa kawaida ni dereva wa bodaboda wa kijiwe cha jirani, kondakta wa daladala, mchuuzi, mlinzi wa duka au, ikitokea bahati, askari wa usalama barabarani. Hao ndio wanaomtoa chini ya gari, wanaompakia kwenye bajaji na wanaoamua kama atapelekwa hospitali ya Amana, Temeke, Mwananyamala au moja kwa moja Muhimbili. Katika mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu 5,383,728, hoja kwamba watu wa aina hii wafundishwe huduma ya kwanza na ufufuaji wa moyo na mapafu, ambao wengi wanaufahamu kwa kifupi cha CPR, hukubaliwa haraka sana, kiasi kwamba maswali magumu zaidi hayaulizwi: wafundishwe nini kwanza, na tutarajie matokeo gani?

Wanaounga mkono mafunzo hayo wana ushahidi wa Kiafrika mkononi. Nchini Ghana, madereva 335 wa magari ya biashara walipewa kozi ya saa sita, na walipofuatiliwa miezi kadhaa baadaye, zaidi ya nusu ya waliohojiwa walikuwa wamekwisha kutoa huduma ya kwanza kwa mtu. Sababu yake inaeleweka: madereva hao walikuwa wakibeba majeruhi hata kabla ya kozi, kwa hiyo mafunzo hayakuwapa jukumu jipya, yaliboresha jukumu walilokuwa nalo tayari. Shirika la Afya Duniani nalo limekuwa likishauri kwamba pale ambapo huduma rasmi ya magari ya wagonjwa ni haba, kuwafundisha wananchi wanaokutana na ajali mara kwa mara kuwe hatua ya mwanzo.

Wanaotilia shaka hawana hoja nyepesi pia. Wanasema kwamba stadi za huduma ya kwanza, hasa za CPR, huanza kufifia ndani ya miezi mitatu hadi sita kama hazirudiwi. Kwamba mtu aliyefundishwa nusu anaweza kumgeuza vibaya majeruhi aliyevunjika uti wa mgongo. Na kwamba kila shilingi inayokwenda kwenye semina za vijiweni ni shilingi isiyokwenda kwenye magari ya wagonjwa yenye wahudumu waliosomea kazi hiyo. Hoja hii ya mwisho ina uzito zaidi kuliko inavyopewa, kwa kuwa mafunzo kwa wananchi yanaweza kugeuzwa kisingizio cha kuwaachia maskini waokoane wenyewe.

Hata hivyo, hoja ya madhara ikipimwa dhidi ya hali halisi ya barabarani, inageuka kuwa hoja ya kufundisha. Majeruhi wa Dar es Salaam hasubiri bila kuguswa hadi mtaalamu afike. Anaguswa, ananyanyuliwa na kusafirishwa ndani ya dakika chache na watu ambao hawajaelezwa lolote. Akiwa amepoteza fahamu, akakalishwa kati ya watu wawili kwenye kiti cha nyuma cha bajaji, kichwa huinama mbele, kidevu hugusa kifua na njia ya hewa hubanwa, na mtu ambaye jeraha lake halikuwa la kumuua anaweza kufia njiani kwa kukosa pumzi huku waliomkumbatia wakiamini wanamwokoa. Jambo hili linaniumiza kuliko mengine yote katika mjadala huu, kwa sababu dawa yake haihitaji kifaa wala cheti: alazwe ubavu, kichwa, shingo na kiwiliwili vikigeuzwa kwa pamoja, mdomo ukielekea chini ili damu na matapishi yatoke, na ikiwezekana asafirishwe amelala kwenye kirikuu au Noah badala ya kukalishwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na namna kozi nyingi zinavyopangwa. Zinaipa CPR nafasi ya heshima, kwa mdoli wa plastiki, kwa hesabu ya mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita tano hadi sita, mibonyezo 30 kisha pumzi mbili. Hesabu hizo ni sahihi na hazina ubishi. Tatizo ni kwamba zimejengwa juu ya mgonjwa fulani: mtu mzima ambaye moyo wake umesimama ghafla kwa hitilafu ya umeme wa moyo, na ambaye kifaa cha kushtua moyo kitamfikia muda si mrefu. Denmark hutajwa sana kama mfano, na ni kweli kwamba baada ya nchi hiyo kuingiza mafunzo ya CPR shuleni mwaka 2005 na kwa wanaoomba leseni ya udereva mwaka 2006, pamoja na hatua nyingine, idadi ya waliopona kwa siku 30 baada ya moyo kusimama nje ya hospitali ilipanda kutoka asilimia 3.5 mwaka 2001 hadi asilimia 10.8 mwaka 2010. Lakini kule raia alibonyeza kifua akijua kwamba gari lenye kifaa cha kushtua moyo liko njiani. Kila dakika inayopita bila kubonyeza wala kushtua hupunguza nafasi ya kupona kwa takribani asilimia saba hadi kumi, na foleni ya Ubungo saa kumi na mbili jioni haisamehe dakika hata moja.

Zaidi ya hayo, majeruhi ambaye moyo umesimama kwa sababu damu imemwishia hawezi kufufuliwa kwa kubonyezwa kifua peke yake, kwani hakuna damu ya kusukumwa. Mtu mzima ana takribani lita tano za damu, na akipoteza mbili na zaidi kwa haraka yuko ukingoni mwa kifo. Kwa dereva wa bodaboda anayemkuta mwenzake na paja lililochanika, somo lenye thamani kubwa ni kubana jeraha moja kwa moja kwa kiganja na kitambaa safi, kwa nguvu zake zote, bila kuachia kila mara ili kuchungulia kama damu imekata. Damu ya mkono au mguu isipokata, hufungwa kitambaa kipana na kukazwa kwa kijiti, si juu ya jeraha lenyewe bali kati ya jeraha na kiwiliwili, na saa ya kufunga iandikwe. Kamba nyembamba au waya havifai, kwa kuwa hukata nyama na huweza kuzuia damu inayorudi kwenye moyo huku ile inayotoka ikiendelea kumwagika. Hofu ya maambukizi nayo ijibiwe wazi: asiye na glavu avae mfuko wa plastiki mkononi, na anawe kwa maji na sabuni mara baada ya kumaliza.

Je, CPR iondolewe? La, na kuiondoa kungekuwa kosa, hasa katika jiji lililo pwani. Anayeopolewa Coco Beach, Kigamboni, katika mafuriko ya Bonde la Msimbazi au kwenye shimo la mchanga lililojaa mvua, moyo wake husimama kwa kukosa hewa, na mara nyingi anachohitaji ni hewa kabla ya kifaa chochote cha umeme. Kwa huyu, pumzi za kupulizia mdomoni ni za lazima sambamba na mibonyezo, na kozi fupi inayofundisha kubonyeza tu inamwacha mwokoaji bila silaha pale ambapo angeweza kufaulu. Tabia ya kumning'iniza mtoto kichwa chini au kumkamua tumbo ili maji yatoke hupoteza dakika ambazo ubongo hauna, kwani unaanza kuharibika baada ya dakika nne hadi sita bila hewa. Aliyepigwa na umeme naye anaweza kufufuliwa, ila asiguswe kabla umeme haujakatwa. Na wote wafundishwe kwamba mtu asiyeitika, anayetweta kwa kushtukashtuka kama anayekoroma, hapumui kwa kweli, ingawa wanaomzunguka watasema bado yu hai hivyo aachwe.

Yapo pia mazingira ambapo nia njema ya raia haitoshi. Jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, wananchi walikuwa miongoni mwa waliowahi kufukua vifusi, na walistahili heshima kwa hilo. Lakini aliyebanwa mguu na zege kwa saa nyingi anaweza kuanguka muda mfupi baada ya kuachiliwa, kwa kuwa sumu na madini yaliyojikusanya kwenye misuli iliyopondeka huingia ghafla katika damu na kuuvuruga moyo. Huyo anahitaji mtaalamu wa afya kabla zege halijainuliwa, na mafunzo ya raia yaseme hivyo bila kuona haya.

Tanzania haianzii sifuri katika kuunganisha raia na hospitali. Kitengo cha dharura cha Muhimbili kilifunguliwa Januari 2010 na kimekuwa kitovu cha kusomesha madaktari bingwa wa tiba ya dharura. Mpango wa m-mama, kupitia namba ya bure 115, umeonyesha kwamba dereva wa kawaida aliyesajiliwa anaweza kuitwa, kumbeba mjamzito au mtoto mchanga na kulipwa, gari la wagonjwa linapokosekana. Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa 114. Kinachonishawishi katika m-mama ni kwamba dereva hakuachwa peke yake: kuna anayepokea simu, anayejua hospitali ipi iko tayari, na anayelipa mafuta. Mafunzo ya bodaboda bila kiungo cha namna hiyo yatabaki kuwa ukarimu wa mtu mmoja mmoja.

Kikwazo kingine ni cha kisheria na kijamii. Watu wengi huogopa kumgusa majeruhi kwa kuhofia kuitwa kituoni, na imani kwamba hospitali haipokei mtu bila fomu ya polisi, PF3, huwafanya wengine wapitie kituoni kwanza huku damu ikitoka. India ilikutana na hofu ya aina hiyo, na mwaka 2016 Mahakama yake Kuu Kabisa ikaupa nguvu ya kisheria mwongozo wa kumlinda msamaria mwema. Mwaka 2019 ulinzi huo ukaingizwa katika sheria ya magari. Tamko la wazi la namna hiyo hapa, likibandikwa kwenye vijiwe na milango ya hospitali, lingeokoa watu wengi kuliko midoli mia ya plastiki.

Kuhusu kulifanya somo hili sharti la leseni, kama Denmark ilivyofanya, nina wasiwasi. Sharti linawafikia wote, lakini linaweza kuzaa soko la vyeti visivyo na mafunzo nyuma yake. Ningeanza kwa kulazimisha walioajiriwa, yaani askari wa usalama barabarani, zimamoto, walinzi na wahudumu wa mwendokasi, kisha kwa hiari kupitia viongozi wa vijiwe, nusu siku ya damu, njia ya hewa na ubebaji, na nusu siku nyingine ya CPR ikianzia na aliyezama. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kina uzoefu wa kufundisha haya. Fungu linalosahaulika katika bajeti za namna hii ni la marudio: glavu zinaisha na mikono inasahau, kwa hiyo halmashauri itakayolipia siku ya kwanza peke yake, bila kupanga mazoezi ya saa moja kila baada ya miezi sita katika kijiwe kilekile, itakuwa imelipia picha ya ufunguzi.