Kielekezi kisichotaja aina, na deni linalobaki mpakani

Programu mbili zilizokompailiwa mbalimbali zinapopeana data, kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, haipo tena kuamua. Kazi yake imekwisha, na majina ya aina za data yamefutika; zimebaki baiti na anwani zake. Kwa hali hiyo, lugha ya C iliyosanifishwa mwaka 1989 inatupa `void *`: kielekezi kinachoonyesha mahali bila kusema pana nini.

Wanaokitetea wana hoja nzito. Tazama `qsort`, fanksheni ya C ya kupanga orodha. Inapewa anwani ya mwanzo, idadi ya vipengele, ukubwa wa kila kimoja na fanksheni ya kulinganisha, basi. Haijui kama inapanga namba au rekodi za wateja. Imekompailiwa mara moja, na inahudumia programu ambazo siku hiyo hazikuwapo. Violezo vya C++, yaani msimbo ambao kompaila huujaza aina halisi, ni salama zaidi na mara nyingi vina kasi kuliko `qsort`, ila kompaila lazima ione msimbo wa kiolezo pamoja na aina zenyewe. Programu-jalizi, yaani kipande cha nyongeza kinachopakiwa wakati mfumo unaendeshwa haiwezi kutimiza sharti hilo.

Sasa tazama kosa moja. Upande mmoja unatuma anwani ya `double` (namba ya desimali) yenye thamani 2.5, mwingine unaisoma kama `int` (namba nzima). Katika kompyuta zenye prosesa za x86-64, 2.5 huhifadhiwa kwa baiti 8, na zile 4 za mwanzo zote ni sifuri. Msomaji anapata 0. Hakuna onyo, programu haianguki, na 0 ni namba ya kawaida kabisa. Kosa la namna hii linaniogopesha kuliko lile linalozima programu, kwa sababu linaweza kufika kwenye ankara ya mtu kabla halijaonekana.

Ndiyo maana napendelea njia ya SQLite, maktaba ya hifadhidata. Fanksheni unayoisajili hupokea kila thamani ikiwa na alama ya aina yake: 1 namba nzima, 2 desimali, 3 maandishi, 4 baiti ghafi, 5 tupu. Unauliza kwanza, ndipo unasoma. Wapinzani wanasema ukaguzi unapunguza kasi, na kwamba alama nayo inaweza kuandikwa vibaya. Hoja ya kasi naikubali ndani ya kitanzi kinachozunguka mara milioni. Mpakani, programu mbili zinapokutana, ukaguzi mmoja kwa kila wito hauumizi. Na alama iliyokosewa walau huonekana kwenye dibaga, yaani zana ya kutafutia makosa, ilhali kielekezi kisicho na alama hakiachi cha kukagua. Alama iwekwe mwanzoni kabisa mwa muundo wa data, ili mpokeaji aweze kuisoma kabla ya kujua kinachofuata.