Kasa Mwenye Sinia Mgongoni

Shangazi yangu wa Muscat haamini kufuli la gari lolote. Ndiyo maana usiku ule pale ufukweni Ras al-Jinz, Oman, wakati wenzetu wote wamekuja mikono mitupu kutazama kasa, mimi nilikuwa nimefungwa mgongoni sinia kubwa la shaba, ndani ya gunia, kwa kamba mbili. Tulilinunua mji wa Sur mchana wake kwa ajili ya harusi ya mwanawe, Salim. Salim ni mdogo wangu, na Shangazi alinikumbusha hilo kila tulipopita kituo cha mafuta.

Kutoka Sur kwenda huko ni jangwa tupu: vilima vya mawe makavu, mbuzi wawili watatu ambao hujui wanakula nini, halafu ghafla bahari. Hifadhi yenyewe ilianzishwa kwa amri ya Sultan Qaboos mwaka 1996, na wenyewe ni kasa uziwa, huyuhuyu tunayemjua Unguja na Pemba. Hupanda ufukweni karibu mwaka mzima kutaga, na miezi ya joto ndiyo huwa wengi kweli. Usiku huruhusiwi kuingia peke yako. Mnakwenda kwa kundi, na mwongozaji mbele. Tochi hapana, simu mfukoni, kwa sababu kasa akishtushwa na mwanga kabla hajaanza kutaga hugeuza, akarudi majini na mayai yake tumboni.

Mwongozaji wetu, kijana wa kanzu nyeupe, alitusimamisha gizani akatueleza kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza. Jike huchimba kwanza shimo la kujilaza, akitumia mapezi ya mbele. Kisha kwa yale ya nyuma huchimba kishimo kirefu, taratibu, na humo hutaga mayai kama 100. Baada ya hapo hufukia kwa kurusha mchanga nyuma. Vitoto vikitoka hukimbilia baharini, na vya kike vitakavyosalimika hukaa huko miaka 25 na zaidi kabla ya kurudi kutaga maeneo yaleyale vilikozaliwa.

Shangazi akanichoma ubavuni kwa kiwiko.

"Umesikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

"Hata kasa."

Jambo ambalo kijana yule alilipitia juu juu ni kwamba kasa akimaliza shughuli zake hasawazishi kiwanja. Ufukwe mzima ni mashimo, na mengine yanakumeza mpaka kiunoni. Kundi likaondoka, Shangazi kamshika mkono Salim, mimi nyuma na shaba yangu. Hatua moja nilikuwa juu ya ardhi ya Oman, ya pili nikawa chini yake.

Nilianguka kifudifudi, sinia juu. Kila nilipojaribu kuinuka, kamba ilinivuta shingo, na kila nilipong'ang'ania ukingo wa shimo, mchanga uliporomoka. Ikawa sina budi kuupiga kwa mikono, nautupa nyuma, nautupa nyuma. Kupiga kelele tumekatazwa. Nikawa naendelea na kazi yangu kimyakimya, mara pwaa! Chepe zima la mchanga likanipata usoni.

Kumbe nina jirani. Kasa mkubwa, hatua moja tu kutoka kwangu, ameshataga na sasa anafukia. Akashusha pumzi, pumzi ya mpagazi aliyepandisha gunia la mchele ghorofa ya tatu. Jicho lake lilikuwa linatiririka machozi mazito yenye mchanga. Wajuzi husema hiyo ni chumvi ya ziada tu anaitoa mwilini. Yangu mimi yalikuwa ya kweli.

Ndipo nikasikia nyayo. Mwongozaji alikuwa amewarudisha watu, na ananong'ona kwa furaha kwamba hapa wako wawili, na mmoja ni mkubwa ajabu. Alikuwa anamulika kwa nyuma, kwa kijitochi cha mwanga hafifu, namna kasa anayetaga anavyotakiwa kumulikwa. Kwa hiyo alichokiona ni kitu cha mviringo, kinene, kinarusha mchanga kwa bidii. Akawaomba watu wachuchumae. Wakachuchumaa. Nilimsikia mama mmoja wa Kizungu akivuta pumzi kwa huruma.

Ningekaa hivyo mpaka waondoke, wallahi, maana aibu ilishanishika. Lakini mchanga ulikuwa umeniingia puani. Nikapiga chafya, na ulimi ukatangulia akili:

"Alhamdulillahi."

Pakawa kimya.

"Yarhamukallah," akajibu Shangazi kwa mazoea. Kisha: "He! Sinia langu!"

Mwongozaji akakaa chini kabisa, kanzu nyeupe na yote, anajizuia kucheka kwa sauti. Alipopata pumzi akasema kwa Kiswahili safi, maana bibi yake, alitwambia baadaye, alilelewa Unguja: "Bi mkubwa, kasa huyu ni wako?"

"Wa kaka yangu," akasema Shangazi.

Walinitoa wanaume wawili, kwa kunizungusha mbali na jirani yangu, ambaye muda wote huo hakugeuza hata shingo. Alimaliza kufukia, akajikokota kuelekea majini, anapumzika kila baada ya mivuto michache, na watu wote wakamfuata kwa macho. Sinia lilitoka na kibonyeo kimoja. Mimi nilitoka na vitatu.

Alfajiri tulirudi tena kutazama vitoto. Mchangani palijaa nyayo za mbweha, ambao mayai hayo kwao ni chakula. Tukiwa tumesimama, mtoto mmoja wa Kifaransa, wa miaka sita hivi, akawa ananikodolea macho. Akamvuta baba yake, akamnong'oneza. Baba akaona haya, akamuuliza mwongozaji kwa Kiingereza, na mwongozaji akamgeukia Shangazi:

"Mtoto anauliza, yule kasa wa jana alitaga mangapi?"

Shangazi akanitazama kutoka juu mpaka chini.

"Mwambie huyu hata posa hajapeleka."