Bustani Iliyookolewa na Daftari la Matumizi

Mgeni anayetaka kuona bustani za kale za Uingereza kwa kawaida hupelekwa Hampton Court, penye fahari ya wafalme. Mimi ningemwelekeza Westbury Court, katika jimbo la Gloucestershire, karibu na mto Severn, mahali ambapo nyumba yenyewe imekwisha kubomolewa na bustani ndiyo iliyobaki.

Aliyeianza mwaka 1696 ni Maynard Colchester, mwenye mashamba wa huko huko mkoani, asiye na kasri. Ardhi yake ilikuwa tambarare na chepechepe, naye hakushindana nayo, bali alifuata mtindo wa Waholanzi, waliozoea kuishi na maji: akachimba mfereji mrefu ulionyooka kama uzi, akajenga kwenye ncha yake jumba dogo la ghorofa, na kandokando akapanda ua wa miti ya yew, yenye majani membamba ya kijani kiza mwaka mzima na inayostahimili mkasi. Ukiusogelea ua huo utaona juu yake piramidi zilizochongwa kwa kupogolewa, na katikati ya piramidi hizo matufe ya mti mwingine, holly, ambao majani yake ni magumu, yanang'aa, na yana miiba pembeni.

Karne ya 18 ladha ya matajiri iligeuka. Lancelot Brown, mbunifu wa bustani, na wafuasi wake walipendelea vilima vya nyasi na maziwa yaliyojipinda, na bustani nyingi za mistari zikafukiwa. Westbury ilinusurika kwa sababu ukoo ulihamia kwingine na hakuna aliyejali kuibadilisha kwa mtindo huo mpya.

National Trust, shirika la kuhifadhi majumba na bustani za kale, ilipoichukua mwaka 1967 ilikuta magofu na magugu. Hata hivyo palikuwa na mchoro wa bustani hiyo uliochorwa na Johannes Kip, msanii Mholanzi, mwanzoni mwa karne ya 18, na, jambo ninalolithamini zaidi, daftari ambamo Colchester aliandika alichonunua: miche ya ule ua wa miti, miti ya matunda, vitunguu vya maua. Kwa hiyo walioirejesha bustani katika hali yake ya awali walijifunga kupanda mimea iliyojulikana Uingereza kabla ya mwaka 1700.

Wapo wanaolalamika kwamba sharti hilo linainyima bustani rangi, na kwamba maua ya kisasa yangevutia watalii zaidi. Siafikiani nao hata kidogo. Maua ya kisasa yamejaa kila mahali, lakini mahali pa kuona alichokiona mwenye shamba wa mwaka 1705 alipofungua dirisha la juu la jumba lake, maji yaliyotulia yakibeba mbingu kutoka ncha hadi ncha katikati ya kuta mbili za majani, ni pachache mno, na petunia moja tu, mojawapo ya maua hayo ya kisasa, iliyopandwa kingoni ingetosha kupaharibu.