Mabwawa ya majitaka hayatatosha kulilinda Ziwa Tanganyika

Usiku mmoja wa masika yaliyopita, mvua ikiwa imepamba moto, nilimsikia jirani akigonga kwa sururu ukuta wa shimo la choo chake. Kulipokucha, korongo linalopita nyuma ya nyumba zetu lilikuwa limeacha tope jeusi kwenye mawe, na watoto waendao shule walikuwa wakiliruka huku wameziba pua. Huku ndiko kutapisha choo, yaani kutoboa shimo lililojaa ili mvua isombe kinyesi, na hapa Kigoma wakazi wa mitaa ya mteremkoni tunakufahamu vizuri. Jirani huyo ni mtu mwema. Alikuwa ameulizia gari la kunyonya majitaka mara mbili, akatajiwa bei inayozidi kodi anayopokea kwa mwezi kutoka kwa mpangaji wake. Na hata angeipata fedha hiyo, gari lisingeweza kupita kwenye kichochoro chetu.

Korongo lile linashuka hadi ziwani, mahali ambapo kina mama huosha vyombo na vijana huoga jioni.

Nimewasikia watu wazima, tena wenye elimu, wakisema kuwa ziwa hili ni kubwa mno kuweza kuchafuliwa na vyoo vyetu. Ni kweli kwamba kina chake kinafika takribani mita 1,470 na kwamba linabeba karibu asilimia 17 ya maji baridi yote yaliyo juu ya uso wa dunia katika hali ya kimiminika. Lakini chini ya mita 200 hivi hakuna oksijeni, kwa hiyo dagaa na migebuka wote wanategemea tabaka jembamba la juu, na tabaka hilo ndilo linalopokea makorongo yetu. Mto pekee unaotoka ziwani ni Lukuga, upande wa Kongo, na maji hukaa ziwani kwa karne kadhaa kabla ya kuondoka. Kinachoingia leo ghubani tutaishi nacho sisi na wajukuu zetu.

Ndiyo maana ninaunga mkono kwa moyo wote ujenzi wa mabwawa ya kutibu majitaka katika miji yetu. Ni teknolojia inayotufaa, kwa kuwa haihitaji umeme mwingi wala mitambo ya gharama. Katika bwawa la kwanza, lenye kina kirefu, uchafu mzito hutuama na kuliwa na bakteria wasiohitaji hewa; katika linalofuata mwani hutoa oksijeni kwa msaada wa jua; na katika la mwisho, lenye kina kifupi, mwanga wa jua huua sehemu kubwa ya vimelea. Tope la vyooni, ambalo ni zito kuliko majitaka ya bomba, huhitaji kwanza vitanda vya mchanga na kokoto ili likauke.

Hata hivyo, bwawa hutibu kile tu kinacholifikia. Nyumba nyingi za mteremkoni hutumia vyoo vya shimo, na hakuna bomba la majitaka litakalozifikia karibuni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, nami naiheshimu, lakini shimo la jirani liko mbali sana na mita hizo na bado uchafu wake unafika ufukweni kwa usiku mmoja.

Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza iende kwenye kunyonya tope la vyooni: pampu za mkono na matoroli yanayopita vichochoroni, vituo vidogo vya kukusanyia tope ambako gari kubwa litalichukua, na bei inayolipwa kidogo kidogo pamoja na ankara ya maji badala ya kudaiwa yote kwa mkupuo. Vijana wanaofanya kazi hii usiku kwa ndoo, bila glavu wala buti, wapewe vifaa na leseni, kwa maana wao ndio wanaovijua vichochoro hivi.

Shimo la jirani limezibwa kwa bati na mawe. Kwa kukisia kwangu, litakuwa limejaa tena kabla ya Aprili.